Kishungi cha Marehemu

...na kichwa chenyewe hakina ubishi, nywele zinanyooka kwa kitana cha moto bila hata kunuka, akawaza, pini tatu zimemkaa menoni na mkono wa kushoto umelikunja sikio la bibi harusi lisije likaungua, maana likiungua watasema wifi mtu kafanya kusudi, na yeye hataki kusemwa kwa dogo wakati kubwa lake liko njiani... "Wifi, kwani huo mkate wa nywele wa mbele lazima?" msichana akauliza, kainamisha shingo, kioo kipo mapajani, "hakuna mtindo mwingine wa kale?", "Upo, lakini huu ndio uliowavunja wanaume shingo enzi zetu," akajibu kwa pembe ya mdomo, akazichana nywele kinyumenyume zitutumke, akaviringisha soksi nyeusi akaipachika utosini, soksi ndiyo siri ya mkate, bila soksi unabonyea, nywele zikapanda juu yake, zikakunjwa kwa ndani, na hapo akamwona, paji lilelile, kisogo kilekile, mke wa kwanza wa kaka yake, miaka sita yumo ardhini na leo kakaa jikoni anangoja kupigwa picha ya harusi, na kaka mtu sasa hivi atakuja kumchukua mchumba wake waende studio, atamkuta marehemu, na mwanamume akishaona mzimu juu ya kigoda haoi tena, atasema tungojengoje kwanza, na kungojangoja kwa wanaume mwisho wake unajulikana... wala si roho mbaya, akajiambia, ni kujihami, alikuja hapa msibani akabaki, funguo za stoo kiunoni, nyumba inamsikia yeye, mpaka huyu mtoto wa juzi alipoingia chumbani kwake na futi ya fundi cherehani, akapima dirisha, akasema chumba hiki kina mwanga mzuri, wifi, ehe, mwanga mzuri, mtu hakusifii chumba chako kama hana nia ya kukulaza sebuleni... na marehemu naye alikuwa hivihivi, mpole kama maji ya mtungini, kila Ijumaa yeye alipomjia kumtengeneza nywele humuhumu jikoni, akilalamika unanivuta wifi, naye ndiyo akizidi kumvuta, akimwinamia sikioni, eti jana kaka yangu kachelewa, mimi sijui alikokuwa, nisije nikaitwa mmbea, na machozi yakimtoka yule bibi akisingizia moshi wa kitana... akashusha kishungi kwenye panja la kushoto, kidogo tu, akakizungusha kidoleni kikajikunja kama mkia wa kinyonga, ndiyo nukta ya mwisho, hapo kaka hata apewe miwani ya mtu hakosei... "Na hicho kishungi cha nini?" msichana akauliza polepole, "mimi sina kovu", mkono ukagoma hewani, "Kovu gani tena?", "La marehemu. Si ndilo mlilokuwa mkilifunika?", halafu akasema bila kugeuka, sauti kama ya mtu anayesoma bei dukani, "Kaka yako kaniambia. Kasema nenda kwa dada, mwombe mtindo wowote wa kale, anaijua yote, lakini atakutengeneza ule wa marehemu mpaka kishungi. Nikamwambia hawezi, wifi ananipenda. Tukawekeana dau", "Dau la nini?", "La chumba chako. Nikishinda mimi, unabaki; akishinda yeye, unahama. Hata dirisha nilikuwa nakupimia mapazia"... mapazia, kumbe mapazia, na kaka alijua, tangu lini, zile Ijumaa alikuwa sebuleni na gazeti, na gazeti lenyewe, sasa anakumbuka, halikuwa likifunuliwa, alikuwa akisikia, mkewe analizwa ukuta wa pili naye ananyamaza, akanyamaza miaka sita mingine akila chakula chake na kumwita dada, hata akapata kichwa cha mtoto wa watu cha kumtegea, damu moja hiyo, yeye kwa kitana, kaka kwa dau, kichwa ni kimoja wamegawana... honi ikalia nje ya geti, "Fumua, wifi," msichana akasema, na kwenye kioo macho yake yalikuwa yamelowa wala hakusingizia moshi, "nitamwambia umenisuka mwingine. Kaninyima ruhusa ya kukwambia, nami nimekwambia", afumue, dakika mbili tu, soksi itoke, nywele zifungwe kitunguu nyuma, abaki na dirisha lake na mapazia mapya, na kila asubuhi amwambie huyu shikamoo kwa macho, ahsante wifi kwa chumba changu mwenyewe, mpaka siku ya kufa... na mkate ulivyotoka leo, haukutoka hivi hata kwa marehemu, hakuna unywele uliochomoza, na kaka anajua ndiyo, lakini kutabiri mvua si kulowa, aje alowe, aje asimame pale mlangoni na dau lake aliloshinda, amshike mkono, wapigwe picha, picha itundikwe sebuleni, na kila akiinua macho kwenye gazeti awaone wote wawili katika uso mmoja, naye dada hatakuwepo wa kulaumiwa, na huyu mtoto, basi, huyu mtoto ataizoea sura hiyo kama mwenziwe alivyozoea kuvutwa... akatoa pini ya mwisho menoni, akaifuta kwa kanga, akapapasa nyuma ya sikio mahali pa kuipitishia. "Tulia, wifi yangu," akasema, "usinitikisikie."