Unga kwenye Fimbo ya Mashine

Mama alichukua ufunguo wa boti siku propela ilipovunjika mara ya pili. Alisema Babu Nikifor amezeeka, akifunga boti anasahau kuinua mashine, na mawimbi ya boti za watalii yanaipigiza kwenye mawe ya ukingoni.

"Niliinua," babu alisema.

"Hata ile ya kwanza ulisema hivyohivyo, baba."

Huku kwetu, mto Danube unapogawanyika kuingia baharini, mtu asiye na boti hana miguu. Babu akawa anashinda barazani akitazama matete. Hata supu ya samaki aliiacha ipoe.

Mimi si msemaji. Niliacha shule darasa la tano nikawa namsaidia Mjomba Artiom kutengeneza mashine za boti, na mashine haikulazimishi kuongea. Lakini Jumapili asubuhi, Mama akijifunga kitambaa cha kanisani, nilimwomba aje gatini na ufunguo.

"Wewe Fenia, leo umepata ulimi?"

Alikuja. Babu naye akatufuata, mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. Nilimwomba Mama abonyeze swichi yeye mwenyewe. Mashine ikapanda mpaka juu, propela ikatoka majini.

Kishikizo cha kuizuia isishuke kilikatika wakati wa barafu, kwa hiyo niliiegemeza kwa kipande cha gogo. Nikajaribu skrubu ya kuishushia kwa mkono, maana ikilegea mashine hushuka yenyewe. Ilikuwa imekaza. Nikafungua kifuniko cha mafuta ya haidroli, yale yanayosukuma fimbo za kuiinua. Yalikuwa yamepungua sana, lakini nje sikuona hata tone.

Ndipo nikaona kitambaa kiunoni mwa babu.

"Babu, huwa unaipangusa mashine?"

"Kila asubuhi. Niiache inanuka kama ya jirani Timofei?"

"Na huwa ina mafuta?"

"Kidogo. Si ni mashine? Hata mimi nina jasho."

Nikajaza mafuta, nikapangusa fimbo zote mpaka zikakauka, kisha nikatoa mfuko niliouficha ndani ya koti nikazinyunyizia unga.

"Unga wangu wa mkate wa Pasaka!" Mama akapiga kelele.

"Kidogo tu, mama."

Nikaondoa gogo. Mashine ilibaki juu, haikutikisika. Mama akatia ufunguo mfukoni, tukaenda kanisani sote watatu. Ibada yetu ni ndefu na watu husimama. Kwa kawaida babu hunong'ona kwamba magoti yanamuua. Siku hiyo alisimama wima, na padri alipomaliza, babu akaniambia, "Leo kafupisha. Angeongeza kidogo."

Tuliporudi, propela ilikuwa imezama, ncha yake imegusa tope.

Mama aliangalia gati lote, kama anayemtafuta mtu wa kumlaumu. Hakukuwa na mtu. Niliinama nikamwonyesha fimbo kubwa ya katikati. Unga ulikuwa mkavu kila mahali isipokuwa mstari mmoja uliolowa, ulioanzia kwenye sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, na kuteremka mpaka majini.

"Sili imechakaa," nilisema. "Mafuta yanatoka polepole, mashine inashuka. Babu anapangusa, hatuoni kitu."

Mama alikaa kwenye ukingo wa boti na sketi yake ya kanisani. "Baba," alisema, "mimi nimekuita mzee msahaulifu mbele ya majirani."

Babu alivua kofia akaikunjakunja. Nilidhani atacheka, kumbe sivyo.

"Zenovia, hii ya pili ni mashine. Ile ya kwanza ni mimi. Nilisahau, nikaona haya kusema."

Boti ya watalii ilipita, nasi tukayumba. Halafu Mama akatoa ufunguo akauweka kwenye kiganja cha babu, akamfumba vidole kwa mkono wake.

"Fenia atabadilisha sili," alisema. "Mpaka hapo utaegemeza gogo."

"Na nikisahau gogo?"

"Fenia atakuuliza kila ukirudi."

"Huyu? Huyu kuku wangu wanamshinda maneno!"

"Nitauliza," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Babu akanitazama, akavaa kofia yake. "Basi anza sasa, mjukuu wangu. Gogo liko wapi?"

Lilikuwa chini ya miguu yake.