Kamani ya Shemeji Ignatz

Watu hudhani kinachomuua farasi wa tramu ni kuvuta. Wanaodhani hivyo hawajawahi kushika hatamu. Gari likishaanza kwenda juu ya reli, hata mbuzi angelivuta akipewa muda. Kinachomuua farasi ni kuanza. Kila gari linaposimama, lazima ajitupe mbele kwa mabega yote mawili mpaka magurudumu yakubali, na katika mji wetu wa Cincinnati, uliojaa wahamiaji wa Kijerumani, gari lilisimama kila mahali, kwa sababu hakuna mama aliyekubali kushukia mlangoni kwa jirani. Mama Stegemann alivuta kamba ya kengele, akashuka kwake. Mama Wuest wa nyumba ya pili alingoja farasi aanze, ndipo na yeye akavuta kamba. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Mama Wuest, si ungeshuka na mwenzio? Ni hatua kumi tu hizo."

"Kaspar," akaniambia, "nauli nimelipa mpaka kwangu. Sikulipa mpaka kwa Stegemann."

Basi farasi wetu walidumu miaka minne, mitano wakibahatika. Hulda alikuwa na miaka sita relini. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, mfupi, mwenye kiburi, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Lile gari letu dogo halikuwa na kondakta, tulikuwa mimi na yeye tu, na saa kumi na nne kwa siku ni nyingi sana kuwa na mtu usiyempenda.

Jumatatu moja ya Oktoba, katikati ya mlima wa Sycamore, alijitupa mara ya kwanza gari likakataa. Akajitupa tena, likakataa. Tukafanya kama ilivyo desturi yetu: wanaume wakashuka kusukuma, na wanawake wakabaki wameketi wakiwafundisha namna ya kusukuma. Tulipanda. Lakini kabla sijafika kwenye banda la farasi habari zilikuwa zimenitangulia, na nyapara Mulcahy alikuwa amesimama mlangoni, kofia ameisukuma kisogoni.

"Kaspar, huyo keshakwisha," akasema. "Jumamosi jioni mtu wa kiwanda cha gundi anakuja kumchukua akachinjwe."

"Amechoka mabega tu. Mpe mapumziko."

"Nimpe na kitanda? Bwana wee, unanijua, mimi sina roho mbaya. Lakini huku kwetu ni punda afe, mzigo wa bwana ufike."

Mulcahy kweli hakuwa na roho mbaya. Alikuwa Mwairishi mwenye watoto tisa na farasi mia moja na ishirini, na wote walitaka kula. Nikakaa juu ya debe la maji nikafikiri. Nami si mwepesi wa kufikiri, ila safari hiyo nilipata jambo.

Dada yangu Walburga aliolewa na fundi saa, Ignatz Fehrenbach, mtu mwembamba anayevaa miwani hata akinyolewa ndevu. Kwa miaka miwili Ignatz alikuwa akitengeneza kifaa cha kumsaidia dereva kuliondoa gari. Kamani, yaani springi, ilikuwa mezani, kamani ilikuwa jikoni, na Walburga aliapa kuwa aliwahi kuikalia nyingine kitandani. Kifaa chenyewe kilikuwa hivi: ukifunga breki, gurudumu linapokaribia kusimama linaikaza kamani kubwa iliyo chini ya sakafu, mfano wa ile ya saa ila nene kama mkono. Ukitaka kuondoka unapiga teke kijiti cha chuma karibu na mguu wako, kinalia *tak*, kamani inafunguka na kulisukuma gurudumu mbele. Yaani nguvu ile iliyokuwa ikipotea kwenye breki, Ignatz aliiweka akiba. Alikuwa amemwandikia meneja wetu, Bwana Tolliver, barua kumi na moja, na wiki ileile meneja alikuwa amechoka kuzisoma, akakubali: kifaa kijaribiwe wiki moja kwenye gari moja, na Jumamosi angepanda mwenyewe aone.

"Kifungwe kwenye gari langu," nikamwambia Mulcahy. "Na Hulda ndiye avute."

Akaivuta kofia yake mbele. "Sawa. Jumamosi gari likijaa, akiliondoa pale mlimani, abaki. Akishindwa, aende. Usije ukanililia."

"Sitalia."

"Utalia tu, nakujua."

Jumanne asubuhi tulianza, na Ignatz amejibana kando yangu na kopo la mafuta. Pale kona ya kwanza nilipiga teke kijiti. *Tak*, gari likaruka mbele kabla Hulda hajafikiri, likamgusa matakoni. Akageuza shingo akanitazama kwa namna ambayo mke wangu marehemu alikuwa akinitazama nikirudi kutoka baa. Mama Stegemann, aliyekuwa amesimama, alijikuta amepakatwa na mchungaji wa Kilutheri.

"Ignatz," nikasema, "punguza."

"Napunguza, shemeji. Napunguza."

Akapunguza. Kufikia Jumatano jioni mambo yalikuwa matamu. *Tak*, msukumo laini kutoka nyuma, na Hulda anaanza kutembea kama bibi anayetoka kanisani. Mara mia mbili kwa siku alikuwa akijitupa kwenye ukosi wa ngozi. Sasa hakujitupa hata mara moja. Alhamisi alimaliza ndoo nzima ya shayiri. Ijumaa alimng'ata mfanyakazi wa banda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika, nami nikafurahi mno. Yule aliyeng'atwa hakufurahi.

Kitu kimoja sikukitilia maanani wiki ile. Hulda alikuwa mwerevu, na mwerevu hafanyi kazi ambayo mwingine ameshakubali kuifanya. Alikuwa amejifunza kungoja. Mpaka asikie *tak* nyuma yake, hata ukimbembeleza, hata ukimpigia ulimi, hakuinua kwato. Mimi niliona ni adabu.

Jumamosi ndiyo siku ya soko. Gari letu lilitengenezwa kwa watu kumi na wanne walioketi, na tulipofika chini ya mlima wa Sycamore nilikuwa nimebeba thelathini na wanne, maboga, kabichi za kuchachusha, pipa la siki, na bata bukini wa Mama Stegemann aliyekuwa hai na mwenye maoni. Bwana Tolliver alisimama kando yangu, kizibao cheupe, sigara mdomoni. Ignatz alikuwa upande wa pili amevaa suti ya Jumapili. Mulcahy alining'inia kwenye ngazi ya nyuma.

Tulikwenda vizuri mpaka nusu ya mlima, na hapo meneja akanyoosha mkono mwenyewe, akavuta kamba ya kengele.

"Simama hapa," akasema.

"Hapa, bwana? Hapa ndipo pabaya kuliko pote."

"Ndiyo maana."

Nikafunga breki. Gari likasimama, na wakati linasimama nilisikia chini ya sakafu mlio mdogo mkavu, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia moto. Ignatz naye aliusikia. Nilimwona akibadilika rangi mpaka midomo. Pini iliyoishika kamani ilikuwa imekatika, na kamani yenyewe imelegea. Kifaa kilikuwa kimekufa, na meneja hakujua, maana alikuwa anaiwasha sigara yake upya.

Wanaume ndani ya gari walianza kusogea kushuka, kama ilivyo desturi.

"Hakuna anayeshuka," meneja akasema. "Nimekuja kuona farasi na mashine, sikuja kuwaona ninyi."

"Bata wangu ataniharibia gauni," Mama Stegemann akasema kutoka ndani.

"Mvumilie, mama."

Nikalegeza breki kidogo, nikapiga ulimi. Hulda hakusogea. Nikapiga tena, nikatikisa hatamu. Alisimama tu, hakujaribu hata. Nyuma nikamsikia Mulcahy akisema polepole, bila furaha yoyote, "Basi, yamekwisha." Nilimwona Hulda tayari yuko nyuma ya mkokoteni wa gundi, kamba shingoni.

Ndipo nikayaona masikio yake. Farasi aliyeshindwa masikio yake hulegea. Ya Hulda yalikuwa yamesimama wima, yamegeuzwa nyuma, yanasikiliza sakafu. Huyu hakuwa ameshindwa. Alikuwa anangoja aambiwe.

Nikainua mguu, nikakipiga kile kijiti kisicho na kitu chini yake kwa nguvu zote za kisigino changu.

*Tak.*

Hulda akaenda mbele. Hakuna kilichomsukuma, na nadhani alikasirika, kwa maana aliinama mpaka kifua kikakaribia mawe, kwato zikatoa cheche, minyororo ikakazana, na mabega yale yaliyopumzika siku nne yakafanya kazi ya siku nne kwa mara moja. Gari likalia. Gurudumu likageuka kidogo, likageuka tena, kisha likakubali. Tukaupanda mlima wa Sycamore watu thelathini na wanne, maboga, siki na bata, na huko juu nikafunga breki.

Ndani watu walipiga makofi. Bwana Tolliver akamshika Ignatz bega.

"Fundi," akasema, "nataka vifaa ishirini. Kwa kuanzia."

Ignatz aliitazama sakafu chini ya miguu yake. Miaka miwili, barua kumi na moja, na sasa ishirini kwa kuanzia. Mulcahy akaja mbele anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Kwa hiyo jike anabaki, bwana. Nilimwahidi Kaspar: akiliondoa gari mlimani, abaki."

"Aliyeliondoa ni kamani, si farasi," meneja akasema. "Umemwona mwenyewe. Alisimama kama kinyago mpaka kifaa kilipofanya kazi. Mwache aende jioni hii kama mlivyopanga. Kwa mashine hii nitaweka farasi yeyote."

Nikisema kweli, Hulda anapona, na shemeji yangu anapoteza kitu alichokiota miaka miwili, mbele ya macho yake, kwa kinywa changu mimi. Nikinyamaza, anapata vifaa ishirini, na mimi jioni namfungua Hulda kamba nimkabidhi kwa mtu wa gundi. Nikamtazama Hulda. Alikuwa anahema, jasho limemtoka povu, ameridhika na nafsi yake. Nikamtazama Ignatz, naye hakuwepo.

Alikuwa chini ya gari. Tuliona viatu vyake tu, na suti ya Jumapili ikiburutwa kwenye mavi ya farasi. Alitoka na uso mweusi wa grisi, miwani imekaa upande, na kwenye kiganja vipande viwili vya chuma.

"Bwana Tolliver," akasema, "pini yangu ilikatika uliposimamisha gari. Kamani haikufanya kitu. Ule mlio ulikuwa mlio tu. Gari limeondolewa na farasi."

Meneja akavichukua vile vipande, akaviunganisha, akavitenganisha. "Una hakika unajua unachoniambia, fundi?"

"Nina hakika."

"Gari zima? Peke yake?"

"Pamoja na bata," Mama Stegemann akasema dirishani.

Bwana Tolliver akashuka, akamzunguka Hulda, akamtazama miguu na mabega. Hulda alijaribu kumng'ata kizibao, akakikosa kidogo. Meneja akarudi nyuma hatua moja, na nadhani ile hatua ndiyo iliyomaliza kesi.

"Mulcahy, huyo mtu akija mwambie leo hatuna farasi wa kuuza." Kisha akamrudishia Ignatz vile vipande. "Na wewe, ukipata pini isiyovunjika, uje. Lakini usiniandikie barua."

Jioni ile tulikula kwa dada yangu, soseji na kabichi na bia, na Ignatz alikuwa ameshaanza kuchora pini nyingine kando ya sahani yake. Walburga alitaka kusimuliwa kila kitu tangu mwanzo. Nilipofika kule juu ya mlima akaweka chini uma wake.

"Nani alisema kwanza kwamba imevunjika?"

"Mumeo."

"Na wewe kaka, ulikuwa unangoja nini?"

Nilimwambia kweli, kwamba nilisimama pale nikiwa sijui nani nimpoteze, na kwamba mpaka sasa sijui ningesema au ningenyamaza, na kwamba jambo hilo linaniuma. Ignatz hakuinua hata kichwa kwenye mchoro wake.

"Ungesema tu," akasema. "Mimi nilikuwahi kidogo. Nisogezee haradali."