Daktari wa Kava za Simu

Mtaa wetu ulipata daktari bila kumwomba. Jana alikuwa Elibariki muuza kava za simu na chaja, leo akawa Elibariki mpima mioyo. Hakusomea popote. Alipakua aplikesheni kwenye simu yake ya kamera tatu, akajifunza kusema "tulia, usiongee", basi, kazi ikaanza.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Unaweka ncha ya kidole juu ya kamera, taa ya simu inawaka, kidole kinakuwa chekundu kama kaa la moto, na simu inahesabu mapigo ya moyo. Ukitaka na pumzi zako zipimwe, unalala chali unawekewa simu kifuani, nayo inafuata kifua kinavyopanda na kushuka. Majibu yanatoka kwa Kiingereza, na hapo ndipo Elibariki alipopapenda zaidi. Alikuwa anayasoma kimya kwanza, anakunja uso, anatikisa kichwa, ndipo anatutafsiria sisi tulioishia darasa la tano, kama vile Kiingereza kilitungwa kwao Machame.

Wabeba mizigo wa Msimbazi walipimwa wakaambiwa mioyo yao inakwenda mbio. Mtu katoka kubeba robota la mitumba toka Mchikichini juani, huo moyo utulie una nini? Shabiki mmoja alipimwa timu yake imeshafungwa, akaambiwa apunguze chumvi. Watu walikuwa wanaondoka pale wamejishika vifua, na bado wanasema asante.

Mimi nilikuwa napaka wateja hina na ile rangi nyeusi ya piko kwenye fremu ya duka ya Bi Zamzam, iliyotenganishwa na ya Elibariki kwa ukuta wa mbao. Bi Zamzam ni mama wa Lindi, anauza hina, udi na liwa tangu mumewe alipokuwa hai. Huyo mume alianguka mle mle dukani, akimfungia mteja ubani, hakuinuka tena. Nassibu, mtoto wao wa pekee, alikuwa mdogo na aliona. Baadaye fremu iliandikwa jina la Nassibu, lakini ufunguo anakaa nao mama yake.

Ule ukuta wa mbao ulimkera sana Elibariki. Alikuwa anaugonga kwa kiganja na kusema fremu hizi zikiwa moja duka litakuwa kama la Dubai. Alishamwomba Bi Zamzam amwachie, Bi Zamzam akamjibu kwamba anayetaka kuiona Dubai apande ndege. Alipoona mama hatikisiki, akamgeukia mtoto.

Alichagua siku ambayo Nassibu alikuja kumsalimia mama yake. Bi Zamzam alikuwa anakohoa, na mtu anayechoma udi mchana kutwa asipokohoa yeye akohoe nani. Elibariki akaingia na simu mkononi, akamuuliza Nassibu kwa sauti ya msibani kama ameshawahi kumpima mama moyo. Nikamwona Nassibu anabadilika rangi.

Bi Zamzam hakukataa. Alitoa kidole cha shahada, kile anachopimia rangi. Kila asubuhi akishakoroga piko hukichovya, anasubiri, anatazama kama imeshika. Kwa miaka aliyofanya hivyo ncha ya kidole ilishakuwa nyeusi kama kipande cha mkaa. Simu ikawaka, ikafikiri, ikataka arudie, mwisho ikatoa alama nyekundu.

Elibariki alisoma kimya. Alikunja uso. Alitikisa kichwa.

"Inasema mapigo hayaeleweki," akatafsiri. "Moyo unapiga, unaruka, unapiga. Hii si hali nzuri, kaka."

Wakamlaza kwenye benchi ninalopakia wateja ili zipimwe na pumzi. Nassibu ndiye aliyeweka simu kifuani kwa mama yake. Mara mteja akasimama mlangoni akauliza liwa. Bi Zamzam, amelala vilevile chali, akataja bei, akaombwa apunguze, akakataa, mteja akaanza kuondoka, akamwita arudi. Elibariki akamwomba anyamaze maana anaharibu kipimo, naye akamuuliza Elibariki: mteja akiondoka, mimi nitalishwa na hiyo simu? Basi simu ikatoa jibu kwamba anahema kama mtu anayekimbia.

Nilicheka ndani ya mtandio. Nassibu hakucheka.

"Mama, twende hospitali," akasema.

"Hospitali anaenda mgonjwa."

"Na baba alisema hivyo hivyo."

Bi Zamzam akainuka kwenye benchi, akamrudishia Elibariki simu yake. Nassibu akaamua pale pale: Jumatatu atampa Elibariki fremu, mama akapumzike kwake Chanika. Bi Zamzam alisema hajachoka, sasa apumzike nini. Elibariki aliinamisha kichwa kama shehe anayesoma dua, akasema afya kwanza, na Jumatatu kwake ni sawa, kwa sababu Jumamosi kuna sendofu ya mchumba wake, anaagwa kwao. Akapita kuugonga ukuta mara moja, akarudi kwenye kava zake.

Siku zilizofuata Bi Zamzam alikuwa na kazi moja tu. Alikuwa anashusha chupa za mafuta kutoka rafuni, anazifuta, anazirudisha pale pale. Mimi nilitamani kusema kitu, lakini mbele ya watu ulimi wangu ni wa kukopa.

Ijumaa akaja Rachel, mchumba mwenyewe, kupakwa piko. Elibariki hakuona aibu kumleta hapo. Msichana hana tatizo. Alimwamkia Bi Zamzam shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanyoosha mikono. Nilimchorea maua mpaka kwenye kiwiko, na vidole nikamzibia ncha zote pande zote mbili, kama wanavyopenda mabibi harusi. Piko ikakauka, akaosha, ikatoka nyeusi inang'aa.

Elibariki akaja kupiga video aiweke mtandaoni. Akasema anataka watu waone moyo wa mchumba unavyompigia. Rachel alisema "jamani Eli, watu wanatuangalia", na kweli watu walikuwa wameshajaa mlangoni, lakini Eli hakuja pale ili asiangaliwe. Akamshika kidole akakiweka kwenye kamera.

Simu ikawaka, ikafikiri, ikataka arudie. Alama nyekundu. Akajaribu kidole kingine. Nyekundu. Akahamia mkono wa pili, nyekundu vilevile. Kile Kiingereza cha Machame kikamkauka kooni.

"Inasemaje?" Rachel akauliza.

Elibariki akaifuta kamera kwa shati, akajaribu tena. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

Bi Zamzam akaweka chini chupa aliyokuwa anaifuta. "Tafsiri, daktari," akasema.

Daktari hakutafsiri. Alimbeba mchumba wake mzima wa afya kama trei ya mayai, akamwingiza kwenye bajaji, akapiga kelele hospitali, na duka akaliacha wazi. Mimi ndiye niliyemlindia chaja zake.

Jioni Nassibu alikuja na maboksi matupu ya kufungashia vitu vya mama yake. Alikuwa hajaanza bado tulipomwona Rachel anarudi kwa miguu peke yake, viatu mkononi. Aliomba maji, akakaa kwenye benchi, akatusimulia. Nesi alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akauliza mgonjwa yuko wapi. Elibariki akamwonyesha simu. Nesi akaitazama simu, akavitazama vidole, akamwita mwenzake aje wacheke wote. Akawaeleza kwamba ile taa inatakiwa ipite kwenye ngozi ndipo simu ione damu inavyokwenda, na kwenye piko nzito kama ile haipiti.

"Nimelazwa kitandani mbele za watu," Rachel akasema, "kwa ajili ya piko."

Nassibu alikuwa ameshika boksi. Alimgeukia mama yake, akamtazama usoni, kisha mkononi. Bi Zamzam akamnyooshea kidole cha shahada akione vizuri.

"Ugonjwa wangu ndio huu," akamwambia. "Nimeupatia kazini."

Nassibu akaweka boksi chini. Akaushika ule mkono kwenye kifundo, kama nesi wa Rachel, ingawa nina hakika hakujua anahesabu nini. Aliushika muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba hata hivyo anaomba waende hospitali, apimwe na mtu. Na Bi Zamzam, kwa kuwa safari hii aliombwa na mtoto wake na siyo na simu, akakubali.

Jumatatu ile ile iliyokuwa ya kukabidhi fremu ndiyo waliyokwenda. Moyo ni mzima. Presha imepanda kidogo, kapewa vidonge, kaambiwa achome udi mlango ukiwa wazi. Ufunguo ukabaki kiunoni kwake, na ukuta wa mbao upo mpaka leo.

Msidhani Elibariki ana haya. Aliposikia presha imepanda alizunguka mtaa mzima akisema si niliwaambia. Bado anapima watu, ila sasa anaanza kwa kukagua viganja vyao, anakunja uso kama vile na hilo kalisomea. Bi Zamzam naye kila asubuhi akishachovya piko anatoka nje, anasimama mbele ya duka lake, anamwinulia kidole kinachotiririka.

"Daktari, leo unanionaje?"

Elibariki anainama kupanga chaja.