Matanga Yaliyokosa Marehemu

Mume wangu Lazarus Ogola alipogeuka manjano mwaka wa 1986, mtu wa kwanza kuchukua hatua hakuwa daktari. Alikuwa Jacktone Aketch, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa ziwani tunaoishi Eldoret. Kazi kubwa ya chama hicho ni moja: ukifa huku ugenini, kinakurudisha kwenu ukazikwe karibu na baba yako. Jacktone aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mtu akikohoa mara mbili kanisani, tayari anauliza lori la nani liko bure.

Niseme ukweli mapema: sikumpenda. Yeye na Lazarus, fundi wa matrekta, walikunywa chang'aa pamoja miaka kumi na minne, kila jioni, kama watu walioajiriwa. Ini la mume wangu lilipovimba sikuhitaji kuuliza alikuwa akinywa na nani.

Daktari Mwihaki hakuzunguka. "Mama Adongo, pombe imeunguza ini. Waliofika hapa alipofika yeye, karibu nusu hawamalizi mwezi. Tumempima, hana maambukizi wala hatoki damu tumboni, kwa hivyo nitampa steroidi. Vidonge vinane kila asubuhi, akishakula. Siku ya saba tunapima damu. Umanjano ukishuka tunaendelea. Usiposhuka tunaacha, kwa sababu tutakuwa tunamuumiza bure."

"Na pombe, daktari?"

"Hata tone. Dawa inaweza kumvusha mwezi huu. Miaka itakayofuata ni yeye na mdomo wake."

Siku saba. Mimi nilizipitisha kwa sala, Jacktone akazipitisha kwa maandalizi. Siku ya tatu alikuja wodini na Biblia, akaomba kumwekea mgonjwa mikono. Nikashukuru, nikafumba macho. Nilipofumbua nilimkuta anashuka shubiri kwa shubiri, kutoka utosini hadi kisiginoni, huku ananong'ona.

"Nane na nusu, Bwana. Amina," akasema.

"Jacktone! Unampimia jeneza?"

"Shemeji, usikasirike. Fundi anataka vipimo mapema. Mbao siku hizi ni shida."

Halafu akatoa karatasi mfukoni, ameikunja vizuri kama cheti cha ndoa. Enzi hizo hata watu wachache hawakukusanyika bila kibali, na yeye alikuwa amekipata: kibali cha matanga ya Lazarus Ogola, muhuri juu yake, Jumamosi tarehe ishirini na tano Oktoba.

"Lakini hajafa!"

"Najua. Ndiyo maana nimempa wiki tatu. Mimi si mtu wa haraka." Akaketi kitandani, miguuni pa mgonjwa. "Lori la kutoka Turbo liko free siku hiyo peke yake, na naibu wa chifu anayepiga mihuri anaenda likizo baada ya hapo. Ningefanya aje?"

Kesho yake vile vidonge vikamtia Lazarus njaa ya ajabu. Alikula uji wake, akala yai lake, akamwangalia Mzee Githinji wa kitanda cha pili mpaka mzee wa watu akamsukumia ugali wake mwenyewe. Usingizi ukamtoroka. Alfajiri sista alimkuta chini ya kitanda cha Mzee Githinji akikaza skrubu, mzee akiwa juu ameshikilia blanketi kwa mikono miwili. Kufikia siku ya sita hapakuwa na kitanda kilicholia katika wodi ile. Nilicheka, kisha nikaenda nje kulia, kwa sababu macho yake bado yalikuwa manjano na hakuna aliyejua kama nguvu zile zilikuwa zake au za dawa.

Siku ya saba daktari alikuja na majibu.

"Umeshuka," akasema. "Na si kidogo."

Nikapiga ukelele wa furaha uliofika nje. Kule kwenye veranda Jacktone akavua kofia, akaanzisha wimbo wa mazishi. Nilimkuta amefika ubeti wa pili.

"Nyamaza wewe! Anapona!"

Akaukata wimbo. Nilimwona akifurahi, kusema haki. Kisha uso ukamwanguka. "Sasa kibali nitakipeleka wapi?"

Hakukuwa na pa kukipeleka. Tulipomrudisha Lazarus nyumbani, mtaa wa Langas, wiki iliyofuata, bado anameza vidonge vyake na mashavu yamefura kama mandazi, naibu wa chifu alikuwa ameshatoa uamuzi. Karatasi inasema matanga, basi ni matanga. Sherehe ya furaha ni mkutano mwingine, nao hauna kibali. Isitoshe, yeye hawezi kumweleza mkubwa wake kwamba alipiga muhuri kwa ajili ya mtu anayetembea.

Basi Jumamosi ikafika, na watu wakaja. Lori la Turbo likaja. Kwaya ikaja, sauti zote nne. Naibu wa chifu alikaa mbele, kibali gotini.

"Marehemu yuko wapi?" akauliza.

"Yuko jikoni," nikasema. "Anakula."

Lazarus akatoka na sahani yake, akasalimia watu, akaketi. "Endeleeni tu," akasema. "Msinijali."

Jacktone akasimama kumsifu marehemu. Akaeleza siku walipopeleka trekta la mteja mpaka Moi's Bridge kutafuta pombe ya busaa. Akaeleza usiku waliolala mtaroni wakidhani ni kitanda. Watu walicheka mpaka wakashikana, na Lazarus alicheka kuwashinda. Lakini hadithi ya tatu ilikuwa ya chupa, ya nne ya chupa, ya tano vilevile. Nilimwona mume wangu akiacha kutafuna.

"Na sasa," Jacktone akasema, akichomoa chupa ndani ya koti, "marehemu apewe ya kuagana!"

Watu wakapiga makofi, wajinga wale. Akajaza glasi, akaiweka mkononi mwa mume wangu. Nilitaka kuruka niipige ile glasi, lakini nitaruka mara ngapi? Nitakaa mlangoni maisha yangu yote? Lazarus aliinusa. Akaiinamisha kidogo, matone yakamwangukia gotini.

"Jacktone," akasema, "miaka kumi na minne. Hakuna kitu kingine unakumbuka juu yangu?"

Jacktone akafikiri. Akafikiri sana, masikini, hata akakuna kichwa.

"Ulinitengenezea baiskeli," akasema mwishowe. "Ilikuwa inarudi nyuma peke yake, lakini ulitengeneza."

Hakuna aliyecheka. Lazarus akamrudishia glasi.

"Mimi nimeacha, omera, ndugu yangu. Usiniletee tena."

Jacktone aliitazama glasi, akamtazama Lazarus, kisha akaketi chini udongoni na kulia. Hakuwa anaigiza. "Nimempoteza rafiki yangu!" alilia. "Nitakaa na nani jioni?" Akina mama wakampokea kwa vilio, kwaya ikadakia wimbo, na naibu wa chifu, ameridhika, akaandika kwamba matanga yamefanyika kwa utaratibu, akaomba sahani ya pili.

Nilikuwa nimemchukia mtu yule miaka mingi. Sasa nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi. Nilimpelekea ugali na nyama, nikamwambia ale anyamaze.

Niliporudi, Lazarus alinivuta karibu.

"Mama Adongo, kiu haijaniacha."

"Najua."

"Nilikuwa karibu kunywa."

"Nilikuona."

"Na kesho je?"

Niliogopa, nikamwambia naogopa. Akanishika mkono, tukaketi hivyo, huku watu wakimlilia kwa sauti zote nne.