Sauti Mpya ya Bi Sindano

Katika miaka arobaini ya kushona nguo za watu, Bi Sindano alikutana na wajinga wa kila saizi, na wote aliwajibu papo kwa papo. Kuna bwana harusi aliyetaka suruali ipunguzwe kiuno wakati kitambi kilikuwa bado kinakua. Kuna mke wa mkubwa fulani aliyeleta kitambaa cha blauzi akadai gauni. Aliwaambia ukweli bila kupepesa macho, wakanuna, wakaondoka, na baada ya wiki wakarudi na kitambaa kingine. Wateja ndio waliompa jina hilo, na hawakumpa kwa sababu ya ushonaji peke yake.

Sasa kiharusi kilikuwa kimechukua mkono wake wa kulia, mguu wa kulia na ulimi wote. Akili kiliiacha ilivyo, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, maana wajinga aliobaki nao walikuwa wa kuwazaa mwenyewe na hakuwa na njia ya kuwaambia.

Njia aliyopewa ilikuwa tableti. Aliyeileta ni mwanawe mkubwa, muuza simu na tableti huko mjini, mtu wa viatu vyenye ncha na maneno mengi, aliyeichomoa kwenye rafu ya vitu ambavyo wateja walikuwa wamevikataa. Programu ilitengenezwa na mkwe wake, mume wa binti yake, kijana mpole aliyekuwa akiandikia makampuni programu na kula huku anatazama kioo cha kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: vitufe vyenye picha, unabonyeza, sauti inasema. Sauti hiyo ilikuwa ya msichana laini, kama wale wa benki wanaokuomba usubiri. Tangu azaliwe Bi Sindano hakuwahi kuzungumza na mtu yeyote kwa ulaini wa namna ile, hata na marehemu mumewe.

Na hayo maneno ya kwenye vitufe yalipatikana kwenye kikao cha familia kilichofanyika miguuni pa kitanda chake hospitalini, yeye akiwa macho kodo anawasikiliza. Kila mtu alichangia. Naomba maji. Naomba kwenda choo. Nina baridi. Nimeshiba. Asante. Ndiyo. Mke wa mwanawe mkubwa alipendekeza "Samahani kwa usumbufu", na watu wazima na akili zao wakakubali. Walipomaliza walijipongeza, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuweka "Hapana". Hawakufanya kwa ubaya. Alikuwa amewaambia hapana maisha yao yote, na ilivyoonekana, walikuwa wameshaanza kupumzika.

Kutikisa kichwa hakukumsaidia, kwa sababu tangu augue kichwa chake kilikuwa kinayumba chenyewe kutoka bega hadi bega, na daktari aliwaambia wasikichukulie kuwa ni jibu. Akipiga kelele wanamkimbilia na dawa ya maumivu. Mkono wa kushoto uliweza kulenga kitufe chenye ukubwa wa kiberiti, lakini ulipopewa kalamu ulitoa mikwaruzo ambayo hata yeye mwenyewe hakuweza kuisoma.

Basi katika hali hiyo mwanawe mkubwa akaja kumwomba karakana.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye cherehani sita, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja. Hakuna cherehani iliyonunuliwa siku moja na mwenzake. Mwanawe alisimama katikati ya chumba hicho, akakipima kwa macho, akaeleza kwamba mahali pale barabarani pangefaa sana kwa tawi la duka lake, na kwamba cherehani zikikaa bure zinapata kutu.

"Mama, wewe sasa ni wa kupumzika," alisema. "Tuziuze, au siyo?"

Bi Sindano alibonyeza tableti atafute cha kumjibia. Tableti ikaganda. Akabonyeza tena, ikaganda vilevile, naye kwa hasira akaipiga kioo kizima kwa kiganja, mara nne, mara tano. Ikakaa kimya kwa muda kama inafikiri. Halafu yule msichana akazinduka na kusema, kwa upole wote aliojaliwa: "Ndiyo. Ndiyo. Asante. Ndiyo. Nimeshiba."

Mwanawe alifuta machozi. Aliwapigia simu ndugu wote kuwaambia jinsi mama alivyobariki.

Kilichofuata ni wiki mbili za ubishi, na wala haukuwa ubishi wa cherehani. Ulikuwa wa tableti. Mwanawe na mkwe wake walikaa kila upande wa kiti chake wakirushiana maneno juu ya kichwa chake kinachoyumba.

"Shemeji, hiki kifaa kimechoka," alisema mwanawe. "Hakina nguvu. Mama anahitaji kitu chenye prosesa ya maana."

"Nguvu za kubebea nini, shemeji?" alijibu mkwe. "Vitufe kumi na viwili? Tatizo ni programu. Niliiandika haraka haraka. Nikiisafisha, hata kifaa hikihiki kitakimbia."

"Wewe kila kitu programu."

"Na wewe kila kitu dukani kwako."

Bi Sindano aliwasikiliza kwa dharau iliyomjaa hadi kooni. Hapa kuna mmoja anayeuza vyombo, haoni duniani ila uhaba wa vyombo, na mwingine anayeandika programu, kwake hata mvua ikinyesha vibaya ni programu. Mtu mzima amekaa katikati yao ana jambo la kusema, na hakuna aliyewaza kumuuliza ni jambo gani. Mafundi wake, wale wa mwezi wa kwanza ambao bado wanajichoma vidole, walijua kwamba kabla hujashika mkasi unamuuliza mwenye nguo anataka nini.

Mwishowe wote wawili walishinda. Mwanawe alileta tableti mpya, nyembamba, yenye kumbukumbu mara nne ya ile ya kwanza, akaitaja bei bila kuulizwa. Mkwe akaingiza programu mpya yenye rangi, yenye ukurasa wa picha za wanafamilia, na ukurasa wa mchoro wa mwili wa kuonyeshea panapouma. "Hapana" haikuwemo. Mwanawe akabonyeza "Asante" kuijaribu, na msichana akashukuru kabla kidole hakijanyanyuka.

"Umeona?" mwanawe alimwambia shemeji yake. "Haigandi tena."

Bi Sindano aliona. Aliona kwamba sasa ataweza kukubalishwa bila kuchelewa.

Mnunuzi alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke ambaye Bi Sindano aliwahi kumfumulisha kola moja mara saba mpaka akalia, na sasa ana karakana yake na mafundi wake. Aliingia na futi ya kupimia shingoni, akamwinamia kumsalimia, akapita cherehani moja moja akizizungusha gurudumu kwa kidole. Mwanawe alimfuata akizisifia, na kila sifa aliyoitoa ilikuwa ya uongo, maana hakuwahi kujua hata uzi unapitia wapi.

Mnunuzi hakumjibu. Alirudi mbele ya kiti cha mgonjwa.

"Mwalimu, nataka nisikie kwako mwenyewe. Ni kweli unaziuza?"

"Muulize tu, haikwami siku hizi," alisema mwanawe, akaiweka tableti mapajani pa mama yake.

Bi Sindano aliitazama. Kulikuwa na ndiyo, kulikuwa na asante, kulikuwa na samahani kwa usumbufu. Akaacha mkono wake ulale. Watu wakasubiri.

"Amechoka," mwanawe alisema. "Ngoja nimsaidie." Akanyoosha kidole kwenye "Ndiyo".

Bi Sindano alikichapa kile kidole kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zote zilizobaki upande huo. Kisha akafungua ukurasa wa mwili, akabonyeza kifua cha mchoro. Akafungua ukurasa wa picha, akabonyeza uso mmoja.

"Naumwa," ilisema sauti. "Mwanangu mkubwa."

Binti yake alikimbilia dawa. Alipoleta kidonge, mama yake alikisukuma kikaanguka chini ya meza ya kukatia, akarudia palepale. Naumwa. Mwanangu mkubwa. Akarudia tena, taratibu, akihakikisha kila kidole kimetua panapotakiwa, na tableti yenye nguvu haikumwangusha hata mara moja. Naumwa. Mwanangu mkubwa.

Mwanawe alicheka kicheko kifupi, akamgeukia mnunuzi, kisha mkwe.

"Shemeji, programu yako imevurugika. Inachanganya kurasa."

Kwa wiki mbili mkwe huyo alikuwa akingoja nafasi ya kukilaumu kifaa. Alipiga magoti, akaikagua tableti, akamtazama mama mkwe wake usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu alipougua. Alipoinuka alikuwa amebadilika rangi.

"Programu iko sawa," alisema.

"Basi ni kifaa?"

"Kifaa nacho kiko sawa, shemeji. Imesema alichobonyeza."

Mnunuzi aliitoa futi shingoni, akaikunja, akaitia mkobani. "Nimesikia, Mwalimu," alisema, akatoka.

Mwanawe alivuta kigoda cha fundi akakaa, magoti yamepanda juu karibu na kidevu, viatu vyake vya ncha vikiwa katikati ya vipande vya nyuzi.

"Mama," alisema. "Mimi?"

Bi Sindano hakubonyeza kitu. Alikuwa ameshasema.