Mistari Minne ya Mama Rula

"Kitufe kiko chini ya meza, Mama Rula, hapo karibu na goti lako," mkuu wake alisema, akiinama kumwonyesha. "Mwimbaji akitoka nje ya karatasi hata kwa neno moja, bonyeza. Fundi mitambo atakata sauti papo hapo. Wageni wa dunia nzima wako hapa, sitaki aibu."

"Na bendi yake?"

"Bendi haitakuwa na kibali tena. Kwani hilo linakuhusu?"

Halikumhusu. Kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kusoma nyimbo kabla hazijaimbwa hadharani na kupiga mstari mwekundu palipokatazwa. Alitumia rula hata kwa neno la herufi tatu, ndiyo maana wenzake ofisini wakambandika jina hilo. Maelfu ya nyimbo yalipita mezani pake, na hakuna hata mmoja aliowahi kuusikia ukipigwa na watu walio mbele ya macho yake. Redio ya nyumbani kwake ilikufa zamani, na hakuna aliyejisumbua kuizika.

Alasiri hiyo ya kufungua mashindano alikaa uwanjani, hatua thelathini kutoka jukwaani, karatasi ameigandamiza kwa rula ili upepo usiichukue. Watu elfu sitini walikuwa wamejaa mpaka ngazi za juu kabisa, na kelele zao zilimfanya ajione mdogo.

Mwimbaji alipanda jukwaani amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na wimbo wake ndio ulioshinda kuwa wimbo wa ufunguzi. Miezi miwili nyuma alikuja ofisini kuchukua karatasi yenye muhuri. Alikuta ubeti wa tatu wote, mistari minne, umepigwa wino mwekundu. Ubeti huo ulihusu nyumba zilizovunjwa ili barabara ya kuja uwanjani ipite, na yake ilikuwa mojawapo. Hakulia wala hakugomba.

"Dada, uliusikia kabla hujaukata?"

"Mimi nasoma. Sisikilizi."

"Basi bado hujaukata," mwimbaji alisema, akaikunja karatasi na kwenda zake. Mama Rula aliona hayo ni maneno ya mkosaji, akaita anayefuata.

Sasa ngoma ikapigwa. Kumbe ngoma huanzia miguuni! Ilimpanda kwenye visigino, ikaitetemesha meza, na rula ikaanza kucheza juu ya karatasi yenyewe. Kisha sauti ya mwimbaji ikaja, na Mama Rula akasahau kumeza mate. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyagonga muhuri, hakuna lililozidi, lakini hakuyatambua. Neno alilolisoma kwa kupepesa jicho mara moja, mwanamke yule alilivuta mpaka likafika ngazi za juu na kurudi. Nywele za mikononi zilimsimama. Aliona haya, akashusha mikono ya blauzi.

Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Hapo mwimbaji alitakiwa kurukia ubeti wa nne. Badala yake aliishusha maikrofoni mpaka kiunoni, akafunga mdomo. Bendi nzima ilinyamaza, isipokuwa mpiga ngoma aliyeendelea polepole kwa viganja.

Kelele za uwanja zikafifia, upande mmoja baada ya mwingine, mpaka watu elfu sitini wakatulia bila kujua wanangoja nini.

"Mbona haimbi?" mkuu alinong'ona. "Bonyeza!"

"Nibonyeze kwa neno gani, mkuu? Sijasikia neno."

"Bonyeza, au kesho usije kazini!"

Kalamu yake ilikuwa juu ya mstari mwekundu wa kwanza. Wino ulikuwa umenyooka vizuri, kama kawaida yake, lakini maneno yalionekana chini yake. Ngoma ikagonga, na macho yake yakaenda nayo.

*Ufunguo ningali nao mkononi,*
*mlango wangu nionyesheni.*

Yalitoshea. Mwimbaji alikuwa ameacha nafasi yenye urefu uleule, na katika uwanja mzima, ukiiondoa bendi, ni Mama Rula peke yake aliyejua nini kilikuwa ndani yake. Mwimbaji alikuwa anamtazama yeye. Mama Rula aliogopa sana, na bado midomo yake ilikuwa inacheza.

*Hapa palikuwa na moto wa kuni,*

Mkuu aliinama, akapeleka mkono chini ya meza akitafuta kitufe. Mama Rula alibana magoti yote mawili mbele ya kitufe.

"Mkuu," alisema, safari hii kwa sauti, "hapo ni magotini pangu."

Mpiga picha wa televisheni aligeuza kamera. Mkuu alichomoa mkono haraka, akasimama akirekebisha tai.

*leo magari yanapita jikoni.*

Mwimbaji akainua maikrofoni na kuingia ubeti wa nne, neno kwa neno, kama ulivyopigwa muhuri. Uwanja ulilipuka. Mama Rula alifuta macho kwa kiganja, hakujificha.

Baadaye mkuu alimtupia fomu ya ripoti. "Jaza. Halafu kesho lete funguo za kabati."

Penye maneno yaliyozidi, aliandika: *Hakuna.* Penye maneno yaliyopungua, aliandika: *Hakuna.* Akaweka sahihi, akachukua rula, kwa sababu rula ilikuwa yake.

Jua lilikuwa bado juu. Alirudi kwa miguu, kwa barabara mpya ya uwanjani, lami bado inanuka. Alipita hapo kila siku tangu ifunguliwe. Mahali fulani katikati alisimama ukingoni, rula ikigonga paja lake taratibu, mistari minne, kisha tena minne. Alingoja magari yapungue. Yalipopungua alivua viatu, akavuka polepole akitazama chini, kama mtu anayepita jikoni kwa mwenzake na hataki kukanyaga vyombo.