Zamu ya Dirishani

Mkwe wangu ni mtu mzima, ana kitambi chake, ana ndevu zilizoanza mvi, na kazini kwake watu hushusha sauti akipita. Akirudi nyumbani anavua tai, anajifungia stoo na kuanza kuvua nguo vidude vya kuchezea gemu. Sina neno jingine la kuliita jambo hilo. Anavifungua kwa bisibisi, anavivua kava, anavisugua kwa mswaki na spiriti, halafu anavivisha kava jipya linaloonyesha matumbo yote. Vidude vyenyewe ni vya zamani, vya enzi ambazo yeye bado alikuwa anafutwa kamasi. Waliovitengeneza walishavisahau, wakaendelea na maisha yao. Yeye kaajiriwa kuvikumbuka, bila mshahara.

Jumamosi wanakuja wenzake. Nilipohamia hapa kwa binti yangu, baada ya kupasuliwa goti, nilidhani wamekuja kutoa pole, jinsi walivyoketi kimya. Kumbe kila mmoja ana kidude mfukoni, kimefungwa kitambaa cha kufutia miwani. Anakifungua, anakiwasha, kinalia mlio wake wa kuamka, na wanaume wazima wote wanainama kukitazama. Mmoja anasema, "Ona huo weusi wa kioo." Wengine wanaguna kukubali. Kisha kinazimwa, kinarudishwa kwenye kitambaa, na zamu inakwenda kwa mwingine. Nimewachungulia mara nyingi nikijifanya natafuta uzi sebuleni, na sijawahi kumwona hata mmoja wao akicheza. Ni sawa na mtu anayenunua sufuria, akazisugua zikang'aa, akazipanga kabatini, halafu watoto wakalala njaa.

Ningewacheka kimoyomoyo nikaishia hapo, ila mkwe wangu aligusa changu.

Kwenye boksi la vile alivyovikataa, mjukuu wangu alikiokota kidude kimoja cha kijivu, kimepasuka kona, na kaseti yake ya gemu ya matofali yanayodondoka. Kioo chake hakikuwa na taa. Ukikaa nacho kitandani unaona kivuli tu. Mimi nilifanya kazi ya kukagua vitambaa kiwandani mpaka nikastaafu, na kitambaa tulikuwa tunakikagua dirishani, hatukuziamini taa. Nikamwambia mtoto alete hicho kitu huku. Tukaketi kwenye benchi chini ya dirisha la sebule, jua la alasiri likija kutoka nyuma ya bega, tukakiinamisha kidogo, na matofali yote yakaonekana.

Tangu siku hiyo, akitoka shule alivua viatu na kuja benchini. Matofali yakijaa hadi juu, unampa mwenzako. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mjukuu wangu aliisimamia kwa ukali, hata kwa bibi yake mwenye goti bovu. Na aliyekuwa anasubiri zamu hakuwa na kazi nyingine isipokuwa ya mdomo. Mama yake akimuuliza habari za shule, alijibiwa "nzuri" na mlango ukafungwa. Mimi nililetewa zote: nani kamsukuma nani kwenye foleni, mwalimu gani anapiga chafya akidanganya, rafiki gani amehamia dawati la adui. Nilikuwa namwita mke mwenzangu, naye ananiambia nisimharakishe, marehemu babu alimpenda yeye zaidi. Katika nyumba ambayo chakula kinapikwa na mwingine na nguo zinafuliwa na mashine, ile benchi ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sikuwa na nyingine.

Siku moja mkwe wangu akapita, akatuona vichwa vimegusana, tumefinya macho. Alisikitika kabisa, kama ametukuta tunakula chini. Akasema kwa upole wake wote kwamba tunaumiza macho, kwamba kioo kile kilikuwa kibaya hata siku kilipotoka kiwandani, na kwamba atatusaidia. Akakichukua kwa mikono miwili.

Kilirudi kimevaa kava la kuonyesha matumbo, vitufe vya rangi ya pipi, na kioo kinachowaka kama taa ya friji. Mtoto alikirukia. Sikumlaumu, hata mimi kilinivutia kwa dakika moja. Lakini kitu chenye taa yake hakihitaji dirisha, na kisichohitaji dirisha hakimhitaji bibi aliyekaa hapo. Akaenda nacho kitandani kwake, akajifunika shuka gubigubi, na kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa. Nilimuuliza habari za shule alipokuja kunywa maji.

"Nzuri, Bibi," akasema.

Nilitamani kumkemea mtu, na wa kumkemea alikuwa mkwe. Sasa mkwe utamkemeaje? Nikipita anasimama. Nikiongea anatazama sakafu. Kiti kizuri ni changu, nyama laini ni yangu, na shikamoo yake haijawahi kunikosa hata asubuhi moja. Amenizungushia heshima pande zote, sina pa kutokea. Binti yangu nilipomgusia alinijibu kwamba ndiyo starehe ya mwenzake, hanywi, hazururi, tumwache. Nikamwambia nimemwacha. Nilisema uongo, alikuwa amenikaa rohoni.

Nikamvizia stoo mlango ukiwa wazi. Kwenye kopo la biskuti niliona kava lile la kijivu lenye kona iliyopasuka, kioo cha zamani na vile vitufe vilivyofutika maandishi. Hawa watu hawatupi kitu. Nikamuuliza kwa adabu kama masalia yale yanatosha kuunda kimoja cha mtu mzee.

Macho yalimwaka. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. Akaanza kunipangia: kava la zambarau litanipendeza, kioo ataniwekea kile kikubwa, sauti ataiongeza, betri iwe ya kuchaji. Nikamwacha amalize.

"Nataka hayo masalia, Baba," nikasema. "Kama yalivyo."

"Bila taa, Mama?"

"Bila taa."

Aliumia. Ni kama nilikuwa nimemwomba anisindikize harusini akiwa peku. Lakini mama mkwe hakataliwi, na kama heshima imenifunga mimi, basi imfunge na yeye.

Aliniletea kesho yake, akiomba radhi kwa kila tundu. Ubao wa ndani tu ndio ulikuwa wa kidude kingine kilichokufa. Mengine yote yalikuwa yaleyale, mpaka ule ufa wa konani. Mwanamume yule alikuwa ametumia ufundi wake wote kunirudishia alichoninyang'anya, na wala hakujua. Nikasema ahsante, nikaenda kuketi dirishani, nikamwita mjukuu wangu.

Alikuja mbio. Akakishika, akakigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Hakionekani, Bibi. Mpe baba akiwekee taa."

Akarudi chumbani. Iliniuma, sitaki kupamba. Nilikuwa nimejipanga kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikabaki nacheza peke yangu kwa hasira, na kwa hasira nacheza vizuri sana.

Ndipo nikahisi mtu kasimama nyuma yangu. Alikuwa mkwe, eti amekuja kuhakikisha vitufe havigandi. Nilichoka na kusimamiwa. Nikamnyooshea kidude, nikamwambia ahakikishe mwenyewe. Akasita, akatafuta kiti cha mbali, hakukiona, mwisho akaketi ncha ya benchi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Kutoka pale hakuona chochote. Ilibidi asogee, akasogea, hadi bega lake likagusa langu na jua likaangukia kioo.

Akaanza kucheza. Jamani. Yule bingwa, mwenye droo nzima ya vidude, anayeweza kukitaja kila kiwaya kwa jina lake, alikuwa anayapanga matofali kama mtu anayemwaga takataka. Refu analisimamisha, la pembe analitupia katikati. Nilivumilia, nikavumilia, ulimi ukanitoka.

"Geuza," nikamwambia. "Geuza kabla halijafika chini. Hujui kucheza wewe?"

"Sijui, Mama," akasema, macho kwenye kioo. "Kwetu kilikuwa kimoja na sisi wengi. Mimi kitinda mimba. Zamu ilikuwa ikikaribia kwangu, betri zinaisha."

"Sasa wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naanika betri juani. Zikipata nguvu, wanaanza upya kwa mkubwa."

Alilisema kama anavyosema mvua imenyesha. Mimi nikatazama kile kichwa chenye kipara kinachoanza, kimeinamia kioo kibaya ambacho amekisema vibaya tangu nimjue, na nikaelewa kwa nini stoo kwake kuna vidude vingi namna ile, vyote vya kwake, vyote vimechajiwa. Na kwa nini hawezi kuvumilia kumwona mtoto akisubiri zamu. Bado ni upuuzi. Ila sikuwa tena na hamu ya kuucheka.

Nilikuwa nimepaza sauti kuliko nilivyodhani, kwa sababu mlango wa chumba ulifunguka na mjukuu wangu akatokea, kidude chake chenye taa kikining'inia mkononi. Hakuwahi kusikia bibi yake akimgombeza baba yake, na hakutaka kupitwa. Akaja hadi dirishani, akachungulia, akaona yale matofali yalivyorundikana, akaguna.

"Baba hajui. Nipe mimi, zamu yangu."

Ndicho nilichokuwa nakitaka siku zote zile: ameketi hapa, kidude kile mkononi, mdomo ukienda. Na mkwe wangu mikono ilishaanza kumnyooshea mtoto kidude, haraka, bila ubishi, kwa mazoea ya miaka.

Nikamshika kiwiko, mkwe wangu, mimi mama mkwe, nikamrudisha mkono mahali pake.

"Subiri," nikamwambia mke mwenzangu. "Zamu ya baba yako haijaisha."